Mwisho wa Kitabu cha Muchiri

Alhamisi, mwisho wa mwezi wa nane.

Baridi. Ile ya Eldoret inayoingia kwa mifupa na kukataa kutoka. Mvua ilianza mchana na bado inapiga mabati, na mahali pengine chini ya barabara mtoto wa jirani anaitwa aingie ndani na hataki. Nimevaa sweta mbili na vidole vyangu bado ni vigumu.

Nimefunga duka leo.

Sio duka la kufuli na mlango. Ni lile letu la mtandaoni, la vitabu vya kusoma na kusikiliza kwa simu, ambalo mimi na Muchiri tulilianzisha tukidhani tumeona kitu ambacho wengine hawajakiona. Nilibonyeza mahali pa kufuta. Likaniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo, likaniuliza tena kana kwamba linanijua. Halafu ukurasa ukawa mweupe. Nilikaa pale nikingoja kitu kitokee. Hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Watu nimewapa sababu nyingi, lakini sababu ni moja. Kitabu cha Muchiri kimesambaa bure. Mtu alikinunua, akakitoa kufuli, akakirusha kwa grupu, na hilo grupu likakirusha kwa lingine. Kile kitabu ndicho kilikuwa kikibeba duka lote. Wateja walikuja kwa sababu yake, na wakiwa hapo wakaangalia vingine. Kilipoanza kupatikana bure, hawakuwa na haja ya kuja.

Juzi nilikuwa saluni hapa Kapsoya, kichwa ndani ya beseni, na msusi wangu akanisimulia kitabu kizima. Hakujua nina uhusiano wowote nacho. Alikisimulia vizuri sana, na alipofika mahali pa gari kuungua alifunga maji kwanza ndipo aendelee. Kisha akaniambia kwa roho safi kabisa, "Usinunue, Jero. Nitakutumia." Na akanitumia, nikiwa bado na sabuni kwa nywele. Nilihisi simu ikitetemeka mfukoni. Nilipofika nyumbani nilifungua: jina la Muchiri, jina la duka, nambari yangu ya simu, na jina langu kama msomaji wa sauti.

Nilitafuta hasira nikaikosa. Kumkasirikia ingekuwa rahisi zaidi.

Sasa niandike kilichotokea leo, nikianzia mbali, kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Ukurasa huu nimeufungia, hauonekani na mtu mwingine, na utabaki hivyo hadi Mama Muchiri aseme vingine. Majina nimebadilisha hata hivyo.

Muchiri nilimjua shuleni, kwa klabu ya drama. Lakini babake nilimjua kabla yake. Kila mtoto aliyekulia upande wa Ziwa, ile senta ya mashambani nje ya Eldoret, alimjua. Alikuwa na gari kuukuu la kijivu, jenereta, na shuka kubwa nyeupe, na siku ya soko, giza likianza kuingia, alikuwa akifunga ile shuka kwenye ukuta wa stoo ya mahindi na kutuonyesha sinema. Katikati ya sinema alikuwa anaweka matangazo ya sabuni na ya dawa ya kupe. Tulimwita Baba wa Sinema. Alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa huku huku, na Kinandi chake kilikuwa kizuri kuliko cha wajomba zangu wanaoishi mjini.

Sinema zenyewe zilikuwa za lugha za mbali, kwa hivyo alisimama kando ya shuka akitufasiria. Alikuwa mwanamke, alikuwa mwizi, alikuwa polisi, alikuwa farasi. Watu walikuwa wakianza kumcheka farasi kabla hata hajafungua mdomo. Watoto wengine walirudi nyumbani wakitaka kuwa wale wa kwenye shuka. Mimi nilitaka kuwa yule anayesimama kando.

Tulipomaliza shule, Muchiri aliandika na mimi nikaigiza, na babake akatushikia kamera. Tulitengeneza vichekesho vya mume Mkikuyu na mke Mnandi wanaogombana kwa kila kitu, kuanzia maziwa lala hadi jina la mtoto. Viliuzwa kwa CD hapa mjini, juu ya meza za barabarani, kando ya betri na miwani. Wanawake wa soko waliniita bibi ya Muchiri. Hatukuwa wapenzi. Tulioana mbele ya kamera tu, mara nyingi, na kila harusi iliharibika, na watu walitaka iharibike tena.

Halafu uchaguzi ule wa 2007, majirani walipogeukiana kwa kabila.

Siku ya kutangazwa matokeo Baba wa Sinema alikuwa ametoka kuonyesha sinema za Krismasi mashambani, anarudi nyumbani. Gari lilipatikana kando ya barabara likiwa limeungua lote. Yeye hakuwemo. Hakupatikana mochari, hakupatikana kwa kambi ya wakimbizi. Mama Muchiri alikaa kwa hema akiuliza kila aliyeingia, hadi watu wakaanza kupita upande wa pili wa kambi wasiulizwe. Baadaye walisafirishwa hadi Nakuru, na huko ndiko aliko hadi leo.

CD zetu zilitoweka mezani. Muuzaji mmoja aliniambia kwa upole kwamba anaogopa kuonekana nazo. Alisema watu wa pande zote mbili watamuuliza anacheka nini.

Nilienda Nairobi kutafuta kazi ya kuigiza. Sitaki kuandika mengi kuhusu miaka hiyo. Unasimama mbele ya meza, unasema mstari mmoja, na wale walioketi wanatazamana kwa sababu ya ulimi wako. Kila nilichopewa kilikuwa cha msichana wa kazi kutoka Bonde la Ufa. Nilileta chai, niliangusha kikombe, nilifokewa. Nikawa hodari wa kuangusha kikombe. Siku moja nikaitwa kwa nafasi kubwa, nikafurahi hadi nikampigia mama. Ilikuwa ya mwanamke anayeshika kiberiti na kuwasha nyumba ya jirani. Walikuwa wamenichagua kwa kusoma jina langu. Nilikataa, na baada ya hapo simu yangu ikanyamaza.

Muchiri ndiye alikuja na wazo la duka. Alisema maduka ya vitabu yamekwisha mijini lakini kila mtu anatembea na simu. Yeye angetafuta waandishi na kupanga vitabu, mimi ningesoma kwa sauti. Nilisomea ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili kelele za nje zisiingie. Nilikuwa mwanamke, mwizi, polisi. Nilikuwa na furaha humo ndani, niseme ukweli. Hakuna aliyeuliza natoka wapi.

Halafu akaandika chake mwenyewe, kuhusu babake. Sio hadithi ya kubuni. Kinaanza na ile shuka na kinaishia Nakuru, mamake akikataa mumewe afanyiwe maombi ya mazishi. Kanisa lilimsihi. Ndugu za mume walimsihi. Yeye alisema hawezi kumzika mtu ambaye hajamwona, na kitabu kinakoma hapo hapo. Wasomaji wengine waliandika kulalamika kwamba kurasa za mwisho hazikufunguka.

Mwezi wa nne mwaka huu presha ilimpanda Muchiri, akaanguka bafuni, akafa kabla ya kufikishwa hospitalini. Tulimzika Nakuru kwa mvua. Mamake alisimama kando ya kaburi akimwangalia kila mwanaume mzee aliyeingia langoni.

Nimeona hilo kwa macho yangu. Alikuwa anamzika mtoto na bado anaangalia lango.

Tony nilimjua kupitia kitabu. Ni produsa wa Nairobi, kijana mwenye adabu, na kampuni yake inataka kukigeuza kuwa filamu. Alikuwa ameanza mazungumzo na Muchiri, wakagombania kitu kimoja, yaani mwisho. Tony anataka baba apatikane. Anataka kaburi, mama apige magoti, na jirani wa kabila lingine amshike mkono. Muchiri alimjibu kwamba yeye pia anataka hivyo, tangu ule uchaguzi, na kama Tony anajua mahali pa kumpata amwambie.

Baada ya mazishi Tony alinitafuta mimi. Aliniambia nafasi ya mama ni yangu nikiitaka. Wangenizeesha kidogo kwa vipodozi. Aliniambia ulimi wangu wa huku mashambani ndio hasa wanaoutafuta, na kwamba watanifundisha yale matamshi ya Kikuyu yatakayohitajika. Mimi ninayekaribia miaka arobaini, ambaye sijasimama mbele ya kamera tangu ile siku ya kiberiti. Sikulala vizuri kwa furaha na aibu. Kisha akasema, "Lakini tunahitaji mwisho, Jerono. Watu hawawezi kukaa saa mbili wakingoja, halafu tuwaambie waende nyumbani hivyo." Alitaka nimwombe Mama Muchiri akubali wao wabuni mwisho. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mimi kujibu, kwa sababu wanaketi kesho kuamua.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa leo mchana. Duka limekufa, Tony anangoja, na mvua inakaribia.

Mzee alifika kabla tu haijaanza.

Nilifungua mlango nikakuta mwanaume wa miaka kama sabini, mrefu, koti la mvua limefungwa hadi shingoni, chupa ya maziwa mkononi. Alikuwa amepiga simu asubuhi akasema anatoka pande za Ziwa na anataka kuniona kuhusu kitabu, na mimi nikadhani ni mteja anayelalamika. Nitamwita Mzee Kiprop. Alivua buti zake za mpira mlangoni ingawa nilimwambia aache. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia baba yangu, akasema walipeleka maziwa kwa kituo kimoja zamani. Alitamka jina la baba polepole kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukalia.

Nilimtilia chai. Tuliongea Kinandi, ninaandika hapa kwa Kiswahili tu ili nisijisikie niko naye chumbani tena.

Alisema kitabu kilimfikia kwa grupu la ushirika wao wa maziwa. Mtu alikirusha pale katikati ya habari za chanjo na bei ya malisho. Alikisoma mwenyewe kwa simu, amevaa miwani, jioni baada ya kukamua, kwa siku kadhaa. Alikuwa anadhani siku zote kwamba ile familia ilishajua mtu wao amekufa. Hakujua kwamba kuna mama anayengoja. Hilo ndilo lilimtoa nyumbani.

Akaniuliza kama kijana aliyeandika anaweza kuonana naye. Ilinibidi nimwambie.

Aliweka kikombe chini. Alitazama ukuta ambao hauna kitu. Mvua ilianza wakati huo, kwa nguvu, na kwa muda hatukuweza kusikilizana hata kama tungetaka kuongea. Ilipopungua kidogo alisema bila kuniangalia:

"Mimi ndiye nilimzika baba yake."

Nilivuta kiti changu karibu nimsikie.

Alinieleza kwamba siku mbili baada ya matokeo ng'ombe wake mmoja alipotea, akamfuata hadi chini mtoni, mwisho wa shamba lake. Yule ng'ombe alikuwa amesimama anamwangalia mtu aliyelala kwenye nyasi. Mzee alimtambua kabla hajamfikia. Nani angekosa kumjua? Aliniambia alikuwa katika hali gani na alikufaje, kwa kadiri alivyoweza kujua. Hilo sitaliandika hata hapa.

Yeye na nduguye, ambaye sasa ni marehemu, walichimba kaburi kwenye kona ya shamba, juu kidogo ya mto mahali maji hayafiki. Bibi yake aliwaona wakichukua majembe. Aliingia ndani akatoka na blanketi la kitandani kwao, akawapa, hakuuliza. Hawakumwambia mtu. Wakati ule, alisema, kumzika jirani kulikuwa kunaweza kukufanya uonekane umemuua, au uonekane umewasaliti waliomuua, na hakujua lipi lingekuja kwanza. Baadaye mambo yalipotulia alingoja mtu aje kuuliza. Hakuna aliyekuja. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, na kila mwaka kusema kulikuwa kugumu kuliko mwaka uliopita.

Hajawahi kulima ile kona. Trekta linaizunguka. Watoto wake waliambiwa kuna mwamba chini.

Nilimuuliza kwa nini leo. Akasema, mbali na kitabu, anagawa shamba. Mahindi yakishavunwa wanawe wanaweka mipaka, na ile kona inamwangukia yule mdogo, ambaye tayari ameongea na mtu wa kununua. Huyo mnunuzi anataka kuchimba bwawa la samaki.

Halafu nilimuuliza jambo ambalo kila mtu angemuuliza. Nilimuuliza yeye alikuwa wapi siku ambayo gari lilisimamishwa.

Nilidhani atakasirika. Alikunja mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa barabarani," alisema. "Mawe ya kufunga barabara nilibeba mimi pia. Niliporudi nyumbani kunywa maji, gari lilikuwa bado halijafika. Nilisikia tu."

Alisema alibeba yale mawe kwa sababu kila mtu alikuwa akibeba, na kwa sababu alikuwa na hasira, na hatakubali mtu amwambie alilazimishwa. Alisema hakujua ni nani atakayepita. Kisha akasema alijua kwamba mtu angepita, barabara ni ya kupita watu.

Mwanaume huyu aliwahi kukaa kwenye nyasi mbele ya stoo ya mahindi, mtoto wake begani, akimcheka yule farasi. Aliniambia hivyo mwenyewe.

Aliniomba nimpigie mama wa marehemu. Yeye hawezi kuanza. Lakini aliniwekea sharti kabla sijakubali. "Mwambie yote, na ya mawe pia. Sitaki anishukuru halafu ajue baadaye."

Nilimsindikiza hadi kwa bodaboda chini ya mvua. Alisahau chupa yake. Iko hapa mezani, maziwa sijayagusa.

Niliporudi ndani Tony alikuwa amepiga mara mbili na kuacha ujumbe. Aliuliza kama nimepata chochote kutoka kwa mama.

Nitasema ukweli wa kilichonipitia kichwani, kwa kuwa hapa hakuna mtu. Niliona filamu yote. Niliona kona ya shamba kutoka juu, kijani pande zote na nyasi ndefu katikati, trekta likizunguka. Niliona buti za mpira mlangoni. Nilijiona mimi, nimezeeshwa, nikitembea kwenye ile mistari ya mahindi. Tony hangehitaji kubuni lolote. Ningemwambia sentensi tatu na ningekuwa na kazi, kazi ya kweli, uso wangu wote kwa shuka kubwa. Mwili wangu ulichangamka. Nilisimama katikati ya nyumba nikifanya mazoezi ya jinsi mama angepiga magoti.

Nilipiga magoti kabisa. Hapa, kwenye zulia.

Na nikiwa hapo chini nikamkumbuka Mama Muchiri akiangalia lango la makaburi, nikasimama.

Nilimwandikia Tony kwamba kitabu kinaisha vile kinaisha, na kwamba sitamwomba mama abadilishe. Alijibu haraka. Alinishukuru kwa muda wangu na akasema watanitafuta. Mwigizaji yeyote anajua maana ya watakutafuta. Naandika haya nikijua kwamba wiki hii au ijayo nafasi ya mama itapewa mtu mwenye uso unaojulikana, na mwisho watabuni vyovyote, bila kutumia jina la kitabu. Sikufanya jambo la ushujaa. Nilijisikia tu kama mtu aliyekuwa karibu kutapika akajizuia.

Kisha nikampigia Mama Muchiri.

Yeye huniita mtoto wangu, tangu zamani. Aliuliza hali ya mvua huku, akaniambia maharagwe yake yamepigwa na barafu. Nilimwacha amalize. Nilimwuliza kama ameketi, akasema ameketi. Halafu nilimwambia. Nilimwambia kwa mpangilio ule ule alionipa Mzee: ng'ombe, mto, kona, trekta. Sikuweka sauti yoyote. Mimi ambaye nimesomea watu vitabu vyote hivyo ndani ya kabati, nilisoma hiki kama mtu anayesoma maagizo ya dawa. Nilimwambia na ya mawe.

Nilisikia kuku kwake.

"Alimfunika?" aliuliza.

Nikamwambia kuhusu blanketi, na ni nani aliyelitoa.

"Huyo mama bado yuko?"

Nikasema yuko.

Nilidhani atasema atakuja. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani: gari la asubuhi kutoka Nakuru, mimi nikimngoja hapa mjini, njia ya kuelekea Ziwa, nani atatutangulia. Nilidhani angalau atalia kwa namna ya mtu aliyepumzishwa. Kila mtu husema hivyo, kwamba kujua ni kupumzika. Hata Muchiri aliandika hivyo katika kitabu.

"Nilikuwa nimemzoea akiwa anarudi," alisema. "Kila siku alikuwa anarudi. Sasa mtoto wangu nimemzika mwezi wa nne, na baba yake amekufa leo."

Nilimwambia pole. Hakuna neno lingine kwa Kiswahili, na nimelitafuta. Nikamweleza kuhusu mavuno, kuhusu yule kijana na mnunuzi na bwawa, kwamba hakuna muda mwingi, kwamba Mzee angependa kumwona au hata kusikia sauti yake tu. Nilijisikia nikiharakisha, na nilichukia jinsi nilivyosikika.

"Mwambie asubiri," alisema. "Mimi nimesubiri."

Akakata simu. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa. Amezima simu ambayo, Muchiri aliniambia, hajawahi kuizima tangu waliponunua, usiku wala mchana, kwa sababu baba hajui nyumba mpya iko wapi na angelazimika kupiga.

Mzee amepiga wakati nikiandika hapa. Sikushika. Nilitazama jina lake likiwaka na kuzimika. Atakuwa ameketi na bibi yake, wote wawili, simu katikati yao juu ya meza, na ninajua atakachouliza. Nikimwambia asubiri, atasubiri, ni mtu wa namna hiyo. Lakini mahindi hayatasubiri, na yule kijana wake hajui kilicho chini ya ile kona. Na nikimpigia mama tena kumhimiza, nitakuwa namwambia mwanamke aliyefiwa leo kwamba aharakishe kulia kuna mtu anataka kuchimba bwawa.

Asubuhi ni lazima nimpigie mmoja wao. Sijui yupi.